Kanga ya Moshi Katika Kiti cha Meno

Nyinyi mnaojifunza kazi ya meno leo, kabla hamjamwita mtoto aingie, nuseni mikono yenu. Sisemi mnawe, kunawa mmefundishwa. Nasema mnuse. Nilifanya kazi hiyo hapa Mwanza mpaka nikastaafu, na kitu kilichoniharibia usingizi hakikuwa sindano wala koleo. Kilikuwa harufu.

Juzi binti wa jirani yangu, anayesomea udaktari wa meno, alinieleza kwamba siku hizi ziko kliniki zinazoweka mafuta ya maua chumbani ili watoto watulie wasiogope. Alinieleza polepole, kwa adabu, kama mtu anayemfundisha mzee kutumia simu. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nimewahi kumtuliza mtoto kwa ndama." Akanitazama, akamtazama mke wangu, akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu za presha. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wakati huo tulikuwa tunaitana Ndugu, na ukisikia dukani kuna sukari unaacha kila unachofanya. Chumba chetu cha meno kilikuwa nyuma ya zahanati moja mjini. Kilikuwa na dirisha moja, beseni, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, na kiti cha chuma kilichoachwa na wakoloni. Kiti kile kilipanda lakini hakikushuka. Aliyekipandisha mara ya mwisho alikwisha rudi kwao Ulaya, kwa hiyo wagonjwa wetu walikikwea kwa kukanyaga kreti la soda. Mashine ya kutobolea jino ilikanyagwa kwa mguu kama cherehani. Mkanyagaji nilikuwa mimi. Nikichoka, mgonjwa alijua kabla ya daktari.

Daktari alikuwa Mzee Kamugisha, Mhaya wa ng'ambo ya ziwa, kutoka mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi wakati huo. Alikuwa Mlutheri wa kwaya, sauti nzito, na alivaa tai hata jua likipasua mawe. Mimi nilikuwa kijana wa kidato cha nne kutoka Ukerewe, msaidizi wake, nikijiona nusu daktari. Yeye alinifundisha mambo ambayo mpaka leo sijaona mtu akiyafanya vizuri zaidi. Koleo lifiche nyuma ya mkono wako, lilale sambamba na mfupa wake, mtoto asilione linang'aa. Kioo cha kuangalizia kichovye kwanza kwenye maji ya moto, maana chuma baridi mdomoni kinamfanya mtoto afunge meno hata kama hana woga. Mwache ahesabu meno yake mwenyewe kwa kidole. Mtoto anayehesabu hawezi kulia vizuri. Na usimwambie kamwe "haitauma." Mwambie, "Utasikia nakusukuma." Ukimdanganya mara moja, ameshakujua, na kesho atakuja amejiandaa.

Lakini yote hayo yalishindwa na mafuta ya karafuu. Tulikuwa tunayapaka kwenye jino lililotoboka ili kutuliza maumivu, na yalikuwa yameingia ukutani, kwenye pazia, kwenye nywele zetu. Huku kwetu watoto wengi hawakuijua karafuu kutoka mahali pengine popote. Kwao ile haikuwa harufu ya kiungo. Ilikuwa harufu yetu. Wakifika getini tu, wanaanza kulia, nasi bado hatujawaona.

Krismasi moja, mama mmoja tuliyekuwa tumemng'olea mwanawe jino alipika pilau. Karafuu iliponukia, mtoto aliingia chini ya kitanda akabana mdomo kwa mikono miwili, akakaa huko mpaka sufuria ikaisha. Mama alikuja kutusimulia, tukacheka mpaka Mzee Kamugisha akafungua kifungo cha shati. Mimi nikawaza: kama harufu inaweza kumtia mtoto woga, basi harufu inaweza kumtoa. Nilijiona nimegundua jambo kubwa. Kumbe nilikuwa nimejifunza nusu ya somo, na nusu ile nyingine ndiyo iliyokuwa muhimu.

Nilianza na maganda ya machungwa kwenye sufuria. Watoto walitulia, ila waliacha kufungua mdomo kwa ajili yetu, wakawa wanaufungua wapewe chungwa. Nikabadili, nikachemsha mchaichai. Siku ya pili mabibi waliokuja kliniki ya macho walisimama mlangoni kwetu na vikombe vyao mkononi, wakingoja chai. Nilipowaeleza kwamba yale ni maji ya kunusa tu, bibi mmoja aliniangalia kwa huruma.

"Sukari hakuna, sawa," alisema. "Sasa na chai yenyewe mmeamua tuinuse?"

Kisha nikapata sabuni. Binamu yangu alifanya kazi ziwani, na sitaki kusema zaidi ya hapo; sabuni ilitoka ng'ambo ya mpaka, ya kuogea, ya waridi, na karatasi yake. Vijana, hamwezi kuelewa. Miezi ile tulikuwa tunafua kwa majani ya mpapai. Nikaiweka kwenye bakuli la maji ya moto dirishani, mvuke ukaenea chumba kizima. Mtoto wa kwanza aliingia analia, akanyamaza, akauliza kama kuna harusi. Tuling'oa gego lake bila kumshika mguu.

Kosa langu lilikuwa dirisha. Upepo uliichukua ile harufu ukaipeleka barabarani. Mama mmoja aliyekuwa anapita alisimama, akavuta pumzi, akaweka kikapu chake chini karibu na ukuta wetu, akasimama nyuma yake. Wa pili hakuuliza, akasimama nyuma ya wa kwanza. Kabla hatujamaliza kuchemsha vyombo, foleni ilikuwa imefika kona. Wengine waliweka jiwe kushika nafasi wakaenda kuita ndugu zao. Na Mwanza, mawe hayajawahi kuadimika.

Mgambo akaja, na nyuma yake Ndugu Katibu wa kata.

"Nani mwenye shehena?" mgambo akauliza.

"Shehena gani, Ndugu?"

"Ya sabuni. Unataka kuniambia pua za watu wote hawa zinaumwa?"

"Ni kipande kimoja," nikasema. "Ni cha matibabu."

"Kinatibu nini?"

Mzee Kamugisha akajibu kutoka kando ya kiti, mikono yake ikiwa mdomoni mwa mtu: "Woga."

Mgambo akaichukua ile sabuni, akainusa. Akafumba macho. Akakaa hivyo, rungu likiwa limening'inia, mpaka nikadhani amelala.

"Kweli inafanya kazi," akasema. "Lakini lazima nikukamate."

Ndugu Katibu ndiye aliyeniokoa, ingawa hakukusudia. Alitoka nje akapanda juu ya kreti letu la soda, akawaambia wananchi kwamba sabuni ni moja, watu ni wengi. Kuigawa haigawiki, na kumwachia mtu mmoja ni ubepari. Kwa hiyo kila mmoja atainusa, kwa zamu, bila kusukumana. Na ikawa hivyo. Mgambo aliishika kwa mikono miwili, na foleni nzima ikapita ikiinama na kunusa, kama watu wanaoaga maiti.

"Naomba ninuse na ya mume wangu," bibi mmoja alisema. "Yuko shamba."

"Kila mtu atanusa ya kwake, mama. Endelea."

Sabuni ikaenda ofisini kwa uchunguzi. Haikurudi. Ofisi ile ilinukia vizuri kwa muda mrefu.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini wiki hiyo hiyo aliletwa mtoto wa Kihaya, mama yake akiwa na kahawa iliyokaangwa kwenye kikapu, na yule mtoto alikaa kwenye kiti ametulia kama yuko jikoni kwao. Hata Mzee Kamugisha siku hiyo aliimba. Ndipo nikasema: siyo maua, siyo sabuni. Mtoto anatulizwa na harufu ya nyumbani kwao. Nikaanza kuwaagiza wazazi waje na kitu kinachonukia nyumbani. Nilisema "kitu." Sikutaja ukubwa.

Kwa hiyo Mzee Masanja, mfugaji wa Sengerema, alimleta mwanawe kwa pantoni pamoja na ndama.

"Mtoto huyu analala na ng'ombe," alituambia. "Sasa ulisema harufu ya nyumbani, nami sikujua niikate wapi."

Ndama aliingia. Mngefanyaje? Mzazi amevuka maji. Mtoto alikaa kwenye kiti, mkono mmoja kwenye shingo ya ndama, akafungua mdomo wake wote. Mzee Kamugisha alimtazama mtoto, akamtazama ndama, akaniuliza kwa upole, "Ndugu, mgonjwa ni yupi? Maana huyu mwenye mkia ndiye aliyefungua kinywa vizuri zaidi." Jino likatoka bila kelele. Nilipogeuka kuchukua pamba ya kuzuia damu, ndama alikuwa ameimaliza, bunda lote la mwezi ule. Mkoa mzima unalima pamba, na chumba chetu kikakaa bila pamba mpaka mgao mwingine.

Sasa nafika kwa Kabula, na hapa nikicheka ni kwa sababu ya mazoea tu.

Kabula alikuwa mtoto wa Pasiansi, kule kando ya ziwa, wa miaka sita hivi, mtoto wa pekee wa mama aliyebanika samaki kwa moshi na kuwauza. Baba yake alikuwa amefariki. Magego yake ya utoto yalikuwa yameoza karibu yote, na moja lilikuwa limeota jipu, shavu limevimba. Hayakuweza kung'olewa kwa siku moja. Ilibidi aje mara kadhaa. Siku ya kwanza alipoingia alinifikia kiunoni, na nguvu zake zilitushinda watu watatu.

Mama Kabula alikuwa amejifunga kanga ya zamani. Kanga ile ilikuwa imekaa juu ya kichanja cha samaki miaka mingi, ikalowa moshi, sato na furu, na jasho la huyo mama. Mtu mwingine angesogea dirishani. Mimi nikamwambia, "Dada, tupe hiyo kanga." Tukamzungushia mtoto shingoni, tukamfunika pua. Akavuta pumzi mara moja, akalegea. Akaniangalia kwa macho makubwa juu ya pindo la kanga, akaniambia, "Haya, Mjomba." Nikampiga sindano ya ganzi, tukatoa gego na usaha, na mtoto akatoka anapunga mkono.

Ile "Mjomba" ilinilevya. Mara ya pili alikuja mwenyewe mbele ya mama yake, akakwea kreti. Habari zikaenea. Mara ya tatu walikuja wageni kutoka mkoani kutazama, na mimi nilikuwa nimeandaliwa nafasi ya kuzungumza kwenye semina juu ya njia yetu ya kujitegemea ya kutuliza watoto.

Siku hiyo ya wageni niliona kitu. Mama yake alipokuwa anaifungua ile kanga, kabla haijamfikia mtoto, mabega ya Kabula yalipanda. Akabana meno. Sindano ilikuwa bado mezani, koleo lilikuwa limefichwa, mtoto hakuwa ameona chochote isipokuwa kanga ya mama yake ikija. Niliona vizuri. Nikajiambia ni baridi. Mwanza, mwezi wa kumi, nikajiambia ni baridi, kwa sababu wageni walikuwa wamekaa wakiwa na kalamu mkononi. Nikamfunika pua, nikang'oa. Hakulia, na wageni wakapiga makofi.

Gego moja lilikuwa limebaki. Lakini aliyekuja safari iliyofuata alikuwa mama peke yake.

"Karibu, dada. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

"Sikuja kukaribishwa," alisema. "Mwanangu umempa nini?"

"Ganzi tu, dada. Ganzi inaisha siku hiyo hiyo."

"Ganzi gani inayomfanya mtoto amkatae mama yake?"

Akatueleza akiwa amesimama. Kabula hakutaka tena kulala naye. Akimkaribia, mtoto anabana mdomo na kuingia uvunguni. Chakula alichotengewa na mama hakukigusa; alikula kwa jirani. Mwishowe dada yake huyu mama, anayekaa Buzuruga, alimchukua mtoto. Kule Kabula anakula, anacheza, anamuuliza kila mgeni mama yake atakuja lini. Mama akija, mtoto anamwona kwa mbali, anaruka kwa furaha, anakimbia kumpokea, na akifika hatua chache anasimama kama aliyegonga ukuta. Analia anamtaka, na hawezi kumsogelea.

"Nimeoga kwa majani ya mpapai mpaka ngozi inauma," alisema. "Nimeoga kwa majivu. Kanga mpya haipo duka lolote mjini. Sabuni nasikia mlikuwa nayo hapa, mkawapa watu wanuse. Na hata nikioga, kesho niko kwenye moshi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Niache samaki nile nini? Niendelee nao nimkose mtoto?"

Mama Kabula akatoka. Mlango ulipofungwa, Mzee Kamugisha alivua tai. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kazini.

"Unamkumbuka yule mtoto wa pilau?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Aliogopa karafuu kwa sababu ilikuja pamoja na koleo. Sasa wewe umeleta koleo pamoja na mama."

Vijana, hiyo ndiyo nusu ya somo niliyoiacha, na naiandika hapa wazi ili msiitafute kwa gharama niliyoitafuta mimi. Harufu haikai upande mmoja. Ukiiweka nzuri pamoja na maumivu, haiyafanyi maumivu kuwa mazuri siku zote. Siku nyingine yanaigeuza. Kwa hiyo chagueni harufu isiyo ya mtu. Isiwe ya mama, isiwe ya chakula cha kwao, isiwe ya kitanda chao. Mtoto aje ainuse siku ambayo hafanyiwi lolote, acheze, aende zake. Na siku ya sindano iwepo kabla na iwepo baada, isianze pale koleo linapoanza. Mkiona mabega yamepanda, acheni, hata kama waziri amekaa mbele yenu.

Watoto wengine wa harufu za nyumbani, kama yule wa kahawa, nao wazazi walianza kuwaleta na malalamiko, na Mzee Masanja alituma salamu kwamba kijana wake siku hizi anachunga kwa kutembea upande wa juu wa upepo, asiwanuse ng'ombe. Lakini hao walikuwa wameng'olewa jino moja moja, wakasahau. Kabula tulimng'oa tena na tena, kanga ile ile.

"Tutafanyaje?" nikamuuliza Mzee Kamugisha.

"Woga wake sasa hajui auweke wapi, ameuweka kwa mama. Inabidi umpe mahali pengine pa kuuweka."

"Wapi?"

Akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Atanikimbia maisha yake yote," nikasema.

"Ndiyo."

"Na lile gego lililobaki? Na meno makubwa yanayokuja? Nani atamtazama? Hatakubali kumsogelea daktari wa meno tena."

"Hapo sasa," alisema Mzee Kamugisha. "Meno au mama. Ningekuwa na dawa ya tatu ningekupa."

Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda Pasiansi kwa baiskeli mbili. Tulikuwa tumepanga na Mama Kabula na dada yake. Mtoto ataletwa, atakaa mbali kidogo na kichanja. Mimi nitatokea nyuma ya majabali nikiwa na koti jeupe, koleo limeshikwa juu waziwazi, kila kitu nilichofundishwa kukificha. Koti lilikuwa limemwagiwa mafuta ya karafuu, chupa iliyobaki yote. Nzi walikuwa wananipisha. Nitasema nimekuja kumng'oa meno mama. Naye atanipiga ukuni mmoja, wa uongo, begani, nami nitakimbia.

Nilitokea. Kabula alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika gauni la mama yake mdogo, anamtazama mama yake katikati ya moshi kwa yale macho. Upepo ulikuwa unatoka mgongoni kwangu. Karafuu ilinitangulia, nikaona uso wake umeipata kabla hajaniona.

"Mama Kabula!" nikapaza sauti, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Leo nimekuja kwa ajili yako! Meno yote! Fungua mdomo!"

Nikamwendea mama na koleo. Kwa muda nilisikia maji tu yakipiga mawe. Kisha nikasikia, "Mama!" na miguu ikikimbia. Kabula alipita pembeni yangu bila kunitazama, akaingia kwenye moshi, akamrukia mama yake, akamkwea mpaka shingoni, akauficha uso wake kwenye kanga ile ile.

Hapo nilipaswa kupigwa kwa uongo. Mama Kabula alimshika mtoto kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akachomoa ukuni kutoka chini ya kichanja, ukiwa bado unafuka. Pigo la kwanza lilinipata begani, kama tulivyokubaliana. La pili hatukulizungumzia. La tatu nilikuwa tayari nakimbia. Majirani hawakuwa wameambiwa kitu. Waliona mtu mwenye koti jeupe anamtishia mjane kwa koleo, na wavuvi wawili wakaacha nyavu zao wakaungana. Nilikimbilia njia iliyokuwa wazi, nayo ilikuwa ziwa. Nilisimama majini mpaka kiunoni, koti likielea, mafuta ya karafuu yakitandaa juu ya maji kunizunguka.

"Mzee!" nikamwita Kamugisha, aliyekuwa amekaa juu ya jabali. "Waambie!"

"Hiyo ni tiba, Ndugu," akajibu. "Ngoja iishe."

Niligeuka nikamwona Kabula. Alikuwa bado shingoni kwa mama yake, shavu kwenye ile kanga ya moshi, ananitazama. Hakuniita Mjomba. Alipiga kelele, "Toka!" na mama yake akamshika mgongo kwa mkono ule uliokuwa na ukuni.

Walirudi kulala nyumba moja siku hiyo. Gego halikung'olewa. Mara mbili nilimtuma muuguzi Pasiansi, mara mbili mtoto alijifungia. Mzee Kamugisha aliondoka Mwanza, akafa kwao. Mimi nikawa daktari wa meno msaidizi, nikang'oa maelfu, nikaitwa majina mengi mazuri, na sijawahi tena kumwambia mzazi alete kitu cha nyumbani.

Mwaka jana nilitafuta sato pale Pasiansi. Muuzaji alikuwa mama mnene, mchangamfu, sauti ya kuita mteja kutoka mbali. Alinichangamkia, "Shikamoo, babu, njoo kwa mwanao hapa." Nikaitika. Alipocheka niliona taya la kushoto halina gego hata moja, na la kulia yamebaki mawili, meusi. Macho sikuyasahau. Mteja mwingine alimtania, akamwambia akayatengeneze hayo meno, siku hizi hospitali zipo.

"Mimi na daktari wa meno?" alisema. "Mama yangu, Mungu amrehemu, alimfukuza mmoja hapa hapa kwa ukuni wa moto, kwa ajili yangu. Mtu mrefu, koti jeupe, ananuka! Alikuja na koleo kutuua. Mama alimpiga akaingia ziwani, na mimi nikamng'ata mkono. Hakuna aliyewahi kupendwa kama mimi nilivyopendwa siku ile."

Hakuning'ata. Nilitazama mkono wangu hata hivyo.

"Alistahili," nikasema.

"Alistahili kabisa, babu! Alilia kama mtoto."

Sikulia siku ile. Nilichagua sato wawili, nikamwambia anifungie, na kwa kuwa nilikuwa sitaki kuondoka nikamwomba anisimulie tena tangu mwanzo, masikio yangu mazito. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga yake, akaanza upya, na safari hii mama yake alinipiga zaidi.